Tokeni inaisha mbio? Pima nyumba ikiwa imelala

Ndugu uliyeuliza kama mita yako imeharibika kwa sababu tokeni ya umeme ya elfu moja haikufikishi wiki: shaka hiyo niliwahi kuwa nayo hapa Malindi. Yangu ilikuwa ikiisha siku nne. Nikaapa mita inaruka. Haikuwa mita.

Tuanze na bei, maana ndiyo inayochanganya watu bure. Fungua ujumbe wa tokeni kwenye simu, gawa pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata. Mimi nililipa 1,000 nikapewa uniti 34.5, kwa hivyo kila uniti ilinigharimu karibu shilingi 29. Humo mna kila kitu: gharama ya mafuta, ya fedha za kigeni, tozo ya umeme wa vijijini, VAT ya asilimia 16. Ya mafuta na ya fedha za kigeni hupanda na kushuka kila mwezi, kwa hivyo piga hesabu hiyo upya kila ununuapo. Bei ya msingi nayo hufuata wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, hadi 100, au zaidi ya 100. Habari ya kungoja tarehe mosi ndipo ununue, wachia wazee wa barazani.

Sasa kupima. Watu watakwambia usome wati zilizoandikwa nyuma ya kila chombo uzidishe kwa saa. Kwa balbu na pangaboi ni sawa: pangaboi la wati 70 likizunguka saa tisa hula uniti 0.63, kama shilingi 18. Lakini pasi hujizima na kujiwasha yenyewe ikishapata moto, na friji ndiyo kabisa, maandishi yake hayakwambii imefanya kazi saa ngapi. Mimi nilipima nyumba nzima ikiwa imelala.

Saa tatu usiku, watoto wako kitandani, niliandika uniti zilizobaki: 38.6. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mtu kugusa swichi: 35.0. Uniti 3.6 zimeliwa na sisi tumelala! Usiku wa pili nikafanya vivyo hivyo, ila nilichomoa friza ya mke wangu, ile anayogandishia barafu za ukwaju za kuuzia watoto wa mtaani kwetu. Zikaenda uniti 1.9 tu. Basi friza peke yake ilikuwa inakula 1.7 kwa saa tisa, yaani kama 4.5 kwa siku nzima. Zidisha kwa 29: shilingi 130 kila siku. Barafu thelathini za shilingi tano ni 150. Toa sukari, toa ukwaju... nilimwonyesha karatasi, akaniambia nimeanza lini kuhesabu biashara yake. Siku mbili tulisemezana kwa kupitia watoto.

Fundi alipokuja hakutoa hata bisibisi. Alibana noti ya mia kwenye mlango wa friza akaivuta, ikatoka kama iliyopakwa mafuta. Mpira wa mlango ulikuwa umekufa, na nyuma kule vumbi na kutu ya chumvi (nyumba yetu haiko mbali na bahari) vimeshikana. Mota ilikuwa haipumziki usiku wala mchana. Tukabadilisha mpira, tukasugua nyuma, tukaisogeza kutoka ukutani. Nilipopima tena, ilikula 0.9 kwa usiku mmoja. Shilingi 70 kwa siku, na barafu zinaendelea.

Ukipima, linganisha usiku unaofanana. Usiku wa joto la kaskazi Februari na usiku wa baridi ya kusi Julai si kitu kimoja, friji na pangaboi vyote vinajua tofauti.

Ukitaka kujua chombo kimoja upesi, na taa ya mita unaiona, soma pale palipoandikwa imp/kWh, yaani mimweko kwa kila uniti. Ikiwa ni 1600, kila mimweko 16 ni uniti 0.01. Acha chombo hicho peke yake kikiwaka, hesabu mimweko 16 kwa saa ya simu. Ikichukua dakika tatu, kinakula wati 200.

Na hiyo shaka yako ya mita, iondoe hivi: zima swichi kuu, ngoja nusu saa, tazama. Taa ya mita ikiendelea kumweka na uniti zikipungua wakati nyumba yako ni giza, hapo una haki ya kulalamika, na kabla ya kwenda ofisini zunguka nyuma ya nyumba utazame waya zinaelekea wapi. Hasa ukiwa umepanga kwenye nyumba ya vyumba vingi.