91 ilivyoniaibisha mbele ya darasa

Mimi hufundisha tuisheni ya hesabu hapa Kondele, Kisumu, wikendi na likizo, na kama kuna namba imewahi kuniaibisha ni 91. Siku hiyo nilikuwa naandika praimu ubaoni, namba tasa, zile hazigawanyiki ila kwa 1 na zenyewe, mkono unaenda tu wenyewe, 83, 89, 91, 97, msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Ticha, muhula wetu ni wiki 13, na mimi huhesabu siku za kurudi nyumbani. Ni 91." Wiki ni siku 7. 7 mara 13. Nikafuta nikijifanya nakohoa vumbi la chaki, lakini watoto si wajinga, walicheka mpaka jirani akachungulia.

Sasa sikiza, mzazi ama mwanafunzi: usiamini macho. 91 haina dalili yoyote, inaishia na 1 basi 2 na 5 haziingii, 9 na 1 ni 10 kwa hivyo hata 3 haiingii, na ile tebo ya 7 wengi wetu tuliimba mpaka 7 mara 12, 84, wimbo ukaisha. Hatua moja tu mbele, 91 imekaa inakungoja.

Namba yoyote chini ya 100 ijaribu na 2, 3, 5 na 7 basi, usijisumbue zaidi, kwa sababu kama inagawanyika lazima kigawo kimoja kiwe chini ya 10. Na ukishaondoa zinazogawanyika kwa 2, 3 na 5, praimu feki zinabaki tatu peke yake: 49, 77 na 91. Hizo mbili za kwanza nani hazijui? Shika 91, umemaliza.

Mtoto akikataa kushika, mpeleke soko la Kibuye Jumapili. Tafuta machungwa yamepangwa piramidi, chini 6 kwa 6, juu yake 5 kwa 5, hivyo hivyo mpaka lile moja la juu. 36, 25, 16, 9, 4, 1. Jumlisha. (Mimi nilisimama hapo nikihesabu mpaka mama mwenye meza akaniuliza kama nanunua ama nakagua.) Hata zile T-bill za Benki Kuu za siku 91, pesa unayoikopesha serikali kwa muda mfupi, ni wiki 13 kamili, ndio maana ikianza Jumatatu inaiva Jumatatu.

Kitu kimoja kinanipa moyo lakini. Kuna jaribio la Fermat, yule Mfaransa, la kunasa namba ambazo si praimu: chukua namba kama 3, ipe kipeo cha namba unayoijaribu toa 1, gawa kwa hiyo unayoijaribu, na praimu hubakisha 1. Ukilifanya kwa 3, 91 ndiyo namba ndogo kabisa inayolipita kwa udanganyifu. Angalia mwenyewe: 3 kwa kipeo cha 6, yaani 3 sita zikizidishwa pamoja, ni 729, gawa kwa 91 unapata 8 inabaki 1, basi hata 3 kwa kipeo cha 90 inabaki 1, vile tu praimu ya ukweli hufanya.

Niliwaeleza darasa hiyo ya Fermat nikidhani nimejitetea. Wapi. Mpaka leo nikiandika 89 ubaoni wote wananyamaza, kalamu juu, wananingoja.