Maswali yenu: asili ya mazao tunayoyaita yetu

Huku Bukoba tuna migomba ya kila namna, kila mmoja na jina lake. Mwanangu karudi shuleni anasema ndizi asili yake Asia. Kweli?

Kweli. Ndizi pori, zile zilizojaa mbegu ngumu kama changarawe, huota Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea. Huko Kuk, kwenye nyanda za juu za New Guinea, wanaakiolojia wamekuta dalili za kilimo cha ndizi cha miaka takriban 7,000 iliyopita.

Lakini nawe una hoja. Ndizi zenu za kupika na za pombe zina seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli), hazitoi mbegu, na mgomba huendelezwa kwa chipukizi. Kila palipotokea badiliko dogo, la rangi ya shina, umbo la mkungu au uchungu wa tunda, wakulima wa Maziwa Makuu waliliona, wakalitenga na kulipa jina. Utajiri huo ni kazi ya mikono yao. Tatizo ni kwamba vinasaba vilipopimwa, majina yote hayo yalionekana kuwa karibu ni mmea mmoja. Ndiyo maana ugonjwa wa mnyauko ulioonekana Uganda mwaka 2001 haukuchagua shamba wala jina. Ndizi iliyoonyesha ukinzani wa kweli ni moja ya zile pori za Asia, Musa balbisiana.

Na mshare wa mtori, nao ni ndugu wa hizo?

Wa mbali. Mshare una seti mbili tu za kromosomu, na ndugu zake wa karibu, waitwao Mlali, wako Unguja, Pemba na Komoro. Vinasaba vinaonyesha ukoo huo umechangia damu ya Cavendish, ndizi inayouzwa maduka ya dunia nzima. Wachagga, ruhusa kujisifu kidogo.

Kisamvu cha mpira ni muhogo au si muhogo? Mimi na shemeji yangu hapa Muheza tumebishana mpaka tumechoka.

Ni binamu yake. Mpira huo, Manihot glaziovii, ni mti wa kaskazini-mashariki ya Brazili. Wajerumani waliuleta wapate utomvu wa kutengenezea mpira, bei ikaanguka mwaka 1913, mashamba yakatelekezwa na watu wakabaki na majani.

Muhogo nao ni wa Brazili, upande wa kusini-magharibi ya Amazon. Ulipofika Afrika ulikutana na batobato, ugonjwa ambao kwao haupo. Virusi vyake ni vya huku. Mmea haukuwa na kinga dhidi ya adui ambaye mababu zake hawakumjua. Miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani, si mbali na kwenu, mtafiti H. H. Storey alichanganya uzao wa muhogo na mpira, kisha watoto wao akawazalisha tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikawa ya kulika na kinga ikabaki. Baadhi ya vizazi hivyo vilipelekwa Nigeria, na huko Ibadan vikawa msingi wa mihogo vumilivu iliyosambazwa Afrika. Kwa hiyo shemeji akisema si muhogo, yuko sahihi. Ukisema mna muhogo wenye damu ya mpira, nawe umeshinda.

Mahindi Meksiko, muhogo Brazili, ndizi Asia. Sisi tuna nini?

Mtama: ushahidi wa kale wa kulimwa kwake uko mashariki mwa Sudan, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ulezi ni wa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, uwele wa Afrika Magharibi. Kunde ni ya Afrika, na buni pia. Si haba.

Nimekuta kibuyu cha ulezi wa marehemu bibi. Nikipande chote?

Usipande wote mara moja. Mvua ikikata umepoteza. Panda sehemu, nyingine ikaushe kivulini uifunge pasipopenya unyevu. Benki ya taifa ya mbegu za mimea iko Arusha; waulize kama wanayo. Ukiwapelekea, andika jina la kienyeji, kijiji, bibi alipanda mwezi gani, na alitumia kwa uji au kwa pombe. Mbegu isiyo na maelezo hayo huwapa kazi kubwa ya kubahatisha.