Usiagize springi kabla shokapu hazijapimwa

Mkuu, funga kwanza huo ukurasa wa malipo halafu ndiyo uendelee kusoma.

Umesema una Mazda MX-5 NB (ile ya kizazi cha pili) hapo Uingereza, umeokota koilova za mtumba mtandaoni, yaani shokapu zilizovikwa springi, zenye springi za kilo 7 mbele na 5 nyuma (kilo za kuikunja milimita moja), na leo usiku unataka kuagiza kilo 12 na 8 za kwenda nazo treki, kwenye uwanja wa mbio za magari. Ukamalizia na "muuzaji kanihakikishia shokapu zina klik 30, zitahimili tu". Hapo ndipo nilipoamka kitandani, maana maneno hayo nimeuziwa mimi, neno kwa neno, na jamaa mwenye fulana ya mashindano na mikono misafi kama ya karani wa benki.

Klik 30 maana yake kuna kitufe cha kurekebisha ugumu wa shokapu kinacholia tik mara 30. Basi. Hakikwambii kama mafuta yamo, kama gesi imo, wala kama vali za ndani bado zinasikiliza hicho kitufe.

Mimi gari langu ni kama lako. Nilifunga kilo 12 juu ya shokapu za mtumba, nikaweka klik karibu na mwisho wa ugumu kama nilivyoelekezwa, nikaenda uwanja wa mbio wa Brands Hatch. Kona ya kwanza pale ni Paddock Hill. Unaikata huku mbele huoni vizuri unakoelekea, lami inaporomoka, kisha chini kabisa inageuka ghafla kuwa kilima cha kwenda kona ya Druids. Pale chini gari linakandamizwa, springi zote zinajikunja kwa pamoja. Sasa springi ya kilo 12 ikikunjwa hivyo haikai na deni, inarudisha nguvu yote papo hapo, na kazi ya kuishika isirudi kwa fujo si ya springi, ni ya shokapu. Zangu hazikushika kitu. Gari lilizama, likarushwa, likazama tena, nyuma kukawa kwepesi, na nilipopata akili nilikuwa natazama nilikotoka huku nikielekea kwenye kokoto kinyumenyume. Wenzangu waliopita walisema nilikuwa na mtindo mzuri sana. Asanteni.

Mkono unaoshika gurudumu la nyuma ulipinda, rimu mbili zikaharibika, na kokoto nilizitoa kwenye gari mpaka nikachoka. Bima yangu ya barabarani haikutaka hata kusikia neno treki.

Lakini hiyo siyo hasara kubwa. Hasara kubwa ilikuja baadaye, nilipomrudia yule yule mtaalamu wa fulana nikamweleza kuwa gari linarukaruka. Unajua alisema nini? "Springi bado laini. Panda kilo 14." Na mimi nikalipa! Aisee, mtu kanipiga mara ya kwanza, nikampelekea shavu la pili na kadi ya benki juu yake. Risiti ya springi alinipa, ya ushauri hakunipa, na nilipotaka kurudisha akasema zimeshafungwa kwenye gari hazirudi. Gari likawa baya zaidi, kwenye lami yenye mawimbi linadunda upande mmoja kuliko mwingine, nikaanza kubadilisha matairi, nikabadilisha bushi, nikarudia alaimenti. Hela niliyomwaga pale ningeweza kuoa tena, na mke wangu ameshapiga hiyo hesabu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayefungua shokapu za pikipiki, ana mashine ya kuzipima. Kabla hata hajaiwasha alitoa springi, akasimamisha shokapu ya mbele kulia juu ya benchi, akakandamiza fimbo yake hadi chini kwa kiganja, akaachia. Shokapu ya gesi ya mrija mmoja ukiiachia inatakiwa fimbo ipande yenyewe. Yangu ilizama ikabaki humo humo. Akanitazama bila kusema kitu. Ya kushoto ilipanda, ila kwenye mashine mchoro wa nguvu yake kwenye klik laini kabisa na mchoro wa klik ngumu kabisa ulikuwa karibu mstari mmoja. Kumbe muda wote huo nilikuwa nabishana na kitufe cha mapambo.

Sasa angalia hesabu ya kwako. Kutoka kilo 7 kwenda 12, springi inakuwa ngumu karibu mara 1.7. Nguvu ya kuituliza haiongezeki kwa kiasi hicho hicho, inafuata kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha hiyo 1.7, kwa hiyo unahitaji kama asilimia 30 zaidi ya ile shokapu iliyowekewa kiwandani kwa ajili ya kilo 7. Hiyo ni shokapu mpya. Yako ya mtumba huenda hata hizo kilo 7 haiziwezi tena, na wewe unataka kuitwisha 12.

Na hao wanaokutumia namba za springi za Subaru waambie asante uendelee na safari. Impreza mbele ina strati, yaani shokapu imesimama karibu kabisa na gurudumu, gurudumu likipanda milimita 10 shokapu inakunjwa karibu hizo hizo 10. MX-5 shokapu imefungwa ndani kwenye mkono, inakunjwa kama 7 tu, na huo uwiano unauzidisha kwa wenyewe, 0.7 mara 0.7, karibu nusu. Kilo 8 kwako inafika kwenye gurudumu kama kilo 4. Kilo 7 ulizonazo mbele, kwa uzito wa gari lako, zinakupa mtetemo wa gari kupanda na kushuka karibu mara 1.9 kwa sekunde, ambao kwa gari la treki lisilo na mabawa ya kulikandamiza chini hauna aibu yoyote. 12 inakupeleka karibu 2.5. Ya nini?

Soma pia maandishi ya springi zenyewe, maana wengine wanaandika kilo, wengine nyutoni, Wamarekani paundi kwa inchi: 450 yao ni kama kilo 8. Na kipenyo cha ndani cha springi kiwe kile kile cha kikalio chake kwenye koilova yako, milimita 60 na 65 haziazimani.

Kwa hiyo kesho zitoe springi zote nne. Kandamiza kila fimbo kwa mkono, polepole, linganisha kushoto na kulia, sikiliza kama kuna mahali inapita bure bila kukaza, papasa sili kama kuna mafuta. Halafu zipeleke zikapimwe kwenye mashine, klik laini na klik ngumu, na uondoke na mchoro wa kila moja. Uweke hapa huo mchoro. Bila huo mchoro, mimi suala la kilo silijibu, na yeyote atakayekujibu muulize kwanza anauza nini.

Halafu huyo muuzaji wako, bado ana siku za kurudishiwa bidhaa au zimeshapita?