Kichwa si Daftari

Mwaka wa kwanza niliohama kwa wazazi, fedha za mwezi ziliniishia tarehe 19. Sikuwa nimenunua kitu kikubwa, wala sikuibiwa. Nilikaa kitandani nikahesabu kwa vidole kila nilichokumbuka kununua, na hesabu yangu haikufika hata nusu ya fedha zilizotoka. Nusu nyingine hadi leo sijui ilikwenda wapi. Methali yenyewe nilikuwa naijua tangu shule ya msingi, nimeiandika kwenye insha nisijue mara ngapi: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile ndipo nilipoielewa, hasa lile neno la mwisho, "habari". Kupotea kwa fedha kuliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kutojua zimepotelea wapi, maana mwezi uliofuata ningezipoteza palepale.

Tangu wakati huo natembea na daftari. Mdogo wangu unayeanza chuo, au kazi ya kwanza, au chumba cha kwanza cha kulipia mwenyewe, ukiniomba ushauri mmoja tu sitakwambia uamke alfajiri wala uandae mpango wa miaka mitano. Nitakwambia utafute daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu isiyovuja.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndiko nilikoumia kwanza. Andika papo hapo, kabla hujaondoka pale ulipolipia. Ukisema utaandika jioni, jioni utakuwa umesahau vile vidogovidogo, na hivyo ndivyo vinavyokumaliza. Andika tarehe, kitu na kiasi, basi. Usihangaike na majedwali wala rangi. Na jambo ambalo wengi hulikosea: mwezi wa kwanza usijibane. Tumia kama ulivyozoea, kazi yako iwe kuandika tu. Ukianza kuandika na kujibana siku moja, baada ya wiki utakuwa umeyachoka yote mawili, na daftari litabaki chini ya mto.

Mwezi wa pili kaa chini ulisome. Mimi nilikuta mambo mawili. La kwanza ni kwamba matumizi yangu makubwa yalikuwa sawa kabisa. Yaliyonila yalikuwa yale ya njiani, ya kununua kwa sababu nimechoka au kwa sababu nimesimama na wenzangu wananunua. La pili lilinifundisha zaidi. Vitu nilivyokuwa naviita dharura havikuwa dharura. Viatu huchakaa. Simu hupasuka kioo. Kuna ada ya mtihani, kuna nauli ya kwenda kuwaona wazazi, kuna siku ya kuugua. Tarehe yake huijui, lakini ndani ya mwaka vitakuja. Basi nikavijumlisha vyote kwa mwaka, nikagawanya kwa 12, na kiasi kilichopatikana nikakitenga kila mwezi kabla ya kugusa kingine chochote. Haikuwa fedha nyingi. Lakini kioo cha simu kilipopasuka tena, sikumpigia mtu yeyote simu ya kuomba.

Hapo ndipo tunafika kwenye madeni, na hapa naomba tukae kidogo.

Nilikuwa na rafiki tuliyeishi naye chumba kimoja miaka miwili. Aliniazima fedha nilipokwama, nikamrudishia sehemu kwa mafungu. Siku nyingine nilimlipia kitu tukahesabu kuwa nimepunguza deni, siku nyingine nilimlipia kama rafiki tu. Hakuna tulichoandika. Tulipokuja kuhesabu, mimi nilijua nimemaliza, yeye alijua bado nadaiwa theluthi moja. Kila mmoja alikuwa anasema kweli kama anavyoikumbuka. Tulisalimiana kwa shida mwaka mzima kwa sababu ya theluthi ile. Nililipa mwishoni, lakini nililipa nikiwa nimenuna, naye alipokea akiwa amenuna, na jambo ambalo lingemalizwa na mstari mmoja wa wino likatuachia doa.

Watu husema kumwandikisha rafiki ni kutomwamini. Mimi naona ni kinyume. Ukiandika, umeulinda urafiki usije ukategemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya anayedai na ya anayedaiwa hazifanani hata wote wawili wakiwa waaminifu. Dawa yake ni hii: anayekopa ndiye aandike kwanza, bila kungoja kuambiwa. Tuma ujumbe mfupi siku hiyohiyo, "Nimepokea kiasi hiki kutoka kwako leo, nitarudisha tarehe fulani." Ukilipa sehemu, tuma mwingine: "Nimelipa kiasi hiki, kimebaki hiki." Kama tarehe inakaribia na huna, mwambie kabla haijafika. Mkopeshaji huvumilia kuchelewa, lakini ni nadra avumilie kukimbiwa. Na ukiombwa wewe, kopesha kiasi ambacho kisiporudi hutalala njaa wala kumchukia mwenzako.

Mikopo ya haraka ya kwenye simu ina hesabu yake, nayo uifanye kwa kalamu kabla ya kubonyeza kitufe. Usiulize riba ni asilimia ngapi ukaishia hapo. Uliza nitarudisha jumla kiasi gani, na lini. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo. Lakini usipolipa, na riba ikawa inazaa juu ya riba, deni la 100 linakuwa 110 mwezi wa kwanza, 121 wa pili, na baada ya miezi 8 limezidi maradufu. Mwaka ukiisha unadaiwa karibu 314. Kuna njia nyepesi ya kukadiria: chukua 72, gawanya kwa asilimia ya riba, utapata muda wa deni kujirudufu. 72 kwa 10 ni miezi 7 na ushei. Njia hiyohiyo hufanya kazi upande wa akiba, ila huko riba huwa ndogo na muda ni miaka, si miezi. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema. Fanya hesabu ya matanga ukiwa bado harusini.

Chumba nacho kimenifunza. Nilihamia mahali nikakuta sinki lina ufa na dirisha moja halifungi. Nikamwambia mwenye nyumba kwa mdomo, akasema atarekebisha. Nilipohama, ufa ule na dirisha lile vikakatwa kwenye fedha ya dhamana niliyoweka, kama vile nimeviharibu mimi. Sikuwa na cha kuonyesha. Sasa kabla sijaingiza hata begi moja, nazunguka chumba na daftari: kuta, sakafu, vitasa, bomba, soketi, taa, choo. Kila chenye kasoro nakiandika na kukipiga picha. Nasoma mita ya umeme na ya maji, naandika namba zake. Kisha namtumia mwenye nyumba orodha na picha zile siku hiyohiyo, kwa maneno ya heshima, ili ujumbe wenyewe ubebe tarehe. Hakuna mwenye nyumba aliyenichukia kwa hilo. Mmoja alinishukuru, akatuma fundi kesho yake.

Na mkataba usome wote, hata kama aliyekupa amesimama mlangoni akitikisa funguo. Angalia mambo matatu: unatakiwa kutoa taarifa muda gani kabla ya kuhama, nani anagharamia matengenezo, na dhamana inarudishwa kwa masharti gani. Ahadi iliyotamkwa lakini haimo kwenye karatasi, omba iandikwe. Ukiambiwa "saini tu, ni utaratibu," hapo ndipo urudi kusoma upya ukurasa wa kwanza.

Masomoni nilichelewa sana kuelewa kazi ya kuandika, na hili bado linanisikitisha ninapowaona wadogo zangu wakikesha. Nilikuwa nasoma nukuu zangu mara nne, mara tano, napigia mistari ya rangi mpaka ukurasa unang'aa, kisha kwenye mtihani nakaa naikumbuka rangi, maneno siyaoni. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema sana, ndani ya siku ya kwanza, halafu kasi yake hupungua. Kwa hiyo somo la Jumatatu ukilingoja hadi Jumamosi, unaanza karibu upya.

Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo ningetamani mtu angenisimulia nikiwa mwaka wa kwanza. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi. Wengine wakavirudia kusoma, wengine wakafunga na kuandika walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi. Ona mtego ulipo. Kurudia kusoma hukupa raha ya kujiona umeelewa, na raha hiyo ni ya kweli kwa dakika 5. Mtihani hauji baada ya dakika 5.

Ninachofanya ni hiki. Kipindi kikiisha, siku hiyohiyo, nafunga kila kitu, nachukua ukurasa mtupu na kuandika yote ninayokumbuka, hata kwa mkato, hata kwa mchoro. Mwanzoni inaumiza, unaweza kukaa dakika 3 umekodolea macho karatasi. Vumilia, kwani kule kuhangaika ndiko kunakojenga. Ukikwama kabisa ndipo ufungue na uangalie ulichoacha, uongeze kwa kalamu ya rangi nyingine. Kesho kutwa rudia, na baada ya wiki rudia tena. Rangi ile nyingine itakuonyesha pa kuweka nguvu zako, badala ya kusoma tena kurasa ambazo tayari unazijua kwa sababu tu ni tamu.

Kuna na usiku. Kama wewe ni wa kulala ukiwaza ya kesho, jaribu kuyaandika. Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor walichapisha mwaka 2018 utafiti wa vijana 57: walioandika kwa dakika 5 kabla ya kulala mambo wanayotakiwa kufanya siku zijazo walipata usingizi mapema kwa takriban dakika 9 kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyamaliza. Ni utafiti mdogo, lakini mimi umenifaa. Ninavyoona, kichwa hukesha kikilinda yale kinachoogopa kuyasahau.

Hospitali nitaigusa kwa ufupi. Kabla hujaenda, andika tatizo lilianza lini, linazidi wakati gani, na dawa zote unazotumia, hata za kujinunulia. Ukiwa mbele ya daktari utasahau nusu. Anachokwambia nacho kiandike, kisha umsomee: "Nimeelewa hivi, daktari, ni sawa?" Sijaona aliyekasirika.

Wapo watakaosema, kwa nini nisitumie simu? Itumie kama inakukaa. Mimi nikiifungua kuandika bei, nusu saa baadaye najikuta nasoma habari za watu nisiowajua, na bei sijaiandika. Daftari halina njia ya kunipeleka kwingine. Ila kuna vitu visivyoandikwa humo kamwe: nywila, namba za siri za benki na za simu. Daftari huanguka, na atakayeliokota hatakuwa malaika kila siku.

Kazi kubwa nazo, kama tasnifu, usiziache mahali pamoja. Kompyuta yangu ilikufa siku 9 kabla ya kukabidhi, na nakala ya karibuni niliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Niliandika upya sura nzima nikilia. Mafundi wa kompyuta wana kanuni wanayoiita 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe mbali na unapoishi. Kwa mwanafunzi hiyo ni kompyuta, flashi, na hifadhi ya mtandaoni. Inachukua dakika 2 kila jioni.

Ukilipata daftari lako leo, usianze na malengo. Fungua ukurasa wa mwisho, uandike majina ya watu unaodaiwa nao na kiasi cha kila mmoja, hata kile kidogo unachodhani ameshakisahau. Halafu mtumie ujumbe yule wa kwanza kwenye orodha.