Maswali na majibu: vita ambavyo Marekani haikuvitangaza

Marekani ilitangaza lini vita dhidi ya Vietnam?

Swali hili halikauki, na jibu ni lile lile: haikutangaza. Mara ya mwisho Bunge la Marekani kutangaza vita ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Tangu hapo wanajeshi wanakwenda kwa majina mengine.

Kwa Vietnam karatasi yenyewe ni Azimio la Ghuba ya Tonkin, lililompa Rais ruhusa ya kutumia jeshi, lililopigiwa kura tarehe 7 Agosti 1964: Baraza la Wawakilishi 416 kwa sifuri, Seneti 88 kwa 2. Wabunge waliambiwa manowari za Marekani zimeshambuliwa mara mbili. Shambulio la Agosti 2 lilitokea kweli. La usiku wa Agosti 4 halikutokea. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na wasikilizaji wa sona, chombo kinachonasa sauti chini ya maji, walihesabu kelele za baharini kuwa torpedo. Kamanda aliyekuwa ndani ya Maddox, moja ya manowari hizo, alituma ujumbe kutilia shaka taarifa zake mwenyewe na kushauri uchunguzi kamili kabla ya hatua nyingine. Hakungojwa. Azimio lilifutwa Januari 1971, mapigano yakaendelea vivyo hivyo. Ukisoma mahali kwamba "Marekani ilitangaza vita", dai tarehe ya kura.

Vita vya Korea viliisha mwaka 1953, sivyo?

Sivyo. Mapigano yalisimamishwa 27 Julai 1953. Mkataba wa amani haujatiwa saini.

Iran iliwapigaje makomandoo wa Marekani mwaka 1980?

Haikuwapiga. Walijikwaa wenyewe, na inafaa kujua walivyojikwaa, maana watu wamezoea kusimulia miujiza au usaliti.

Walikwenda kuwaokoa Wamarekani 53 walioshikwa mateka Tehran. Ndege za C-130 ziliruka kutoka kisiwa cha Masirah, Oman, zikiwa na askari na mafuta. Helikopta 8 ziliruka kutoka manowari Nimitz. Walipanga kukutana jangwani karibu na Tabas usiku wa Aprili 24, wajaze mafuta, kisha waisogelee Tehran. Hesabu ilihitaji helikopta 6 zinazofanya kazi. Moja iliachwa njiani baada ya taa kuonya kwamba bapa la rota lina ufa. Nyingine iligeuza ndani ya dhoruba ya vumbi, vifaa vya uongozaji vikiwa vimeharibika. Ya tatu ilifika, ila mfumo wake wa haidroliki umekufa. Zikabaki 5.

Usiri nao ulikuwa umekwisha vuja: basi la abiria lilipita kwenye barabara ile ile, likazuiwa, na lori la mafuta lililopigwa roketi likawaka kama mwenge. Amri ya kurudi ikatoka. Helikopta moja ilipoinuka kujisogeza, vumbi la rota yake likampofusha rubani, akaiangukia C-130 iliyojaa mafuta. Walikufa 8. Helikopta zilizobaki ziliachwa hapo hapo, nyaraka za siri zikiwa ndani.

Ziada ya mashine mbili kwa safari ya usiku juu ya jangwa ni ubahili. Tena matawi tofauti ya jeshi hayakuwahi kufanya zoezi kamili pamoja.

Rais anaruhusiwa kupigana siku 60 bila kibali?

Hapana, japo hata wasomi wanalirudia hilo. Sheria ya Novemba 1973, iliyopita juu ya kura ya turufu ya Rais Nixon, inataka kwanza kuwe na tangazo la vita, kibali cha Bunge, au shambulio dhidi ya Marekani. Ripoti ni ndani ya saa 48. Siku 60 ni kikomo, pamoja na 30 za kuondoka. Marais hukwepa kwa kuandika ripoti isiyotaja kifungu kinachoanzisha hesabu hiyo. Rais Ford alikitaja mwaka 1975, meli Mayaguez ilipotekwa na Kambodia. Mwaka 2011, siku 60 za Libya zilipokwisha, serikali ya Obama ilidai zile hazikuwa "uhasama" kwa maana ya sheria. Mabomu yaliendelea kudondoka.

Kwa nini Marekani inapiga Somalia hadi leo?

Kwa kibali cha Septemba 2001, kilichowalenga waliohusika na mashambulio ya Septemba 11. Wawakilishi 420 walikubali, Barbara Lee peke yake akakataa. Al-Shabaab haikuwa imezaliwa. Mwaka 2016 serikali ya Obama iliihesabu kuwa mshirika wa al-Qaeda, ikaingizwa humo bila kura mpya. Kibali hicho hakina tarehe ya mwisho wala ramani.