Maswali na Majibu: Wapiga Vibrafoni wa Jazi

Vibrafoni si marimba tu? (Msomaji, Mtwara)

Ni ndugu, ila vibao vya marimba ni vya mbao na vya vibrafoni ni vya aluminiamu, kwa hiyo mlio wake hauzimiki upesi. Chini ya kila kibao umening'inia mrija, na juu ya mrija kuna kisahani kinachozungushwa na mota. Kikizungushwa, kinaziba na kuzibua mdomo wa mrija, na mlio unatetemeka. Halafu kuna pedali: ukiikanyaga noti zinaendelea kulia, ukiiachia zinanyamaza.

Nianze na nani? (Msomaji, Nakuru)

Milt Jackson, tena leo hii. Wengine waliiendesha mota kwa kasi. Yeye aliipunguza, mtetemo ukawa wa taratibu kama wa mwimbaji aliyejaa hisia. Alikulia Detroit katika muziki wa injili, na hata ndani ya Modern Jazz Quartet, kundi la suti nadhifu lililoanza mwaka 1952, bluzi haikumtoka mikononi. Sikiliza "Bags' Groove", utunzi wake mwenyewe. Chuma kinaimba! Kwangu mimi hajapatikana wa kumpita.

Baba humsifu Lionel Hampton peke yake. Ana haki? (Msomaji, Morogoro)

Anayo. Hampton alikuwa mpiga drams. Mwaka 1930, katika studio huko Los Angeles, alipiga vibrafoni kwenye "Memories of You" ya Louis Armstrong, na ala hiyo ikapata nafasi katika jazi. Mwaka 1936 akajiunga na mpiga klarineti Benny Goodman, mpiga piano Teddy Wilson na mpiga drams Gene Krupa. Weusi wawili, Hampton na Wilson, na weupe wawili jukwaa moja, katika Marekani ya ubaguzi ule! Heshima hiyo wapewe daima.

Vijiti vinne mikononi ni vya nini? (Msomaji, Mombasa)

Ni vya kupigia akordi kamili, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kama kwenye piano. Red Norvo alitangulia, Gary Burton akaufikisha ufundi huo mbali, tena mota ameizima.

Afrika je? (Msomaji, Kigoma)

Mulatu Astatke wa Ethiopia, aliyezaliwa Jimma mwaka 1943. Alisomea muziki London na Boston, akaunganisha jazi na skeli za noti tano za kwao. Tafuta albamu yake ya 1972, *Mulatu of Ethiopia*. Ukimaliza, mtafute Roy Ayers, Mmarekani aliyekwenda Nigeria akarekodi na Fela Kuti.