Maswali na majibu ya bustani: Kiwanja kimegeuka kichaka, nimwage chumvi kiasi gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimerithi kipande cha ardhi, kama hatua 20 kwa 15, ambacho hakijaguswa na jembe kwa miaka sita. Kimejaa ndago, ukoka na vichaka vya miiba, na katikati kuna mpichi na mchungwa vilivyosongwa. Baridi inaelekea kuisha na nataka kupanda maharage, karoti na vitunguu. Jirani amenielekeza nichanganye maji lita 20, chumvi kilo 2, siki lita 1 na sabuni kidogo ya maji. Anasema ukimwaga mara moja magugu yanakufa hadi mizizi. Amenipa pia chupa ya soda yenye dawa ya kijani, jina lake halijui. Je, chumvi hiyo inatosha au niongeze? Na ile miti niipogoe lini?

JIBU: Marahaba. Kilo 2 zinatosha, tena zimezidi. Zinatosha kuhakikisha kwamba msimu ujao hapo halioti haragwe hata moja. Ukoka utaota.

Unisamehe kwa kuanza hivyo. Swali la chumvi hunijia kila baridi inapokaribia ukingoni na watu wanapoanza kunoa majembe, na kila mwaka naona kipimo kimeongezwa kidogo.

Tupige hesabu ya ndoo hiyo. Kilo 2 ndani ya lita 20 ni gramu 100 kwa kila lita. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi. Kwa hiyo unataka kuunywesha udongo wako kitu chenye chumvi karibu mara tatu ya bahari. Siki ya kawaida ina asidi kama asilimia 5. Ukiimimina lita moja kwenye ndoo ile, inabaki kama robo ya asilimia moja, na kwa kiasi hicho hata jani changa halishtuki. Sabuni inasaidia maji yashike kwenye jani yasiteleze, basi. Kinachounguza pale ni chumvi peke yake. Majani yanakauka kwa siku moja mbili, jirani anafurahi, anawapigia simu ndugu zake wote kuwapa kipimo. Wiki tatu baadaye ndago zinachomoza upya, lakini kufikia hapo hakuna anayepiga simu tena.

Chumvi haiozi. Dawa nyingi za dukani, hata zile ninazozilalamikia, huvunjwavunjwa na vijidudu vya udongo baada ya muda. Sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, haina wa kuivunja. Inaondoka tu ikioshwa na maji mengi yanayopita chini, na kwenye udongo wa mfinyanzi ndiyo hiyo hiyo inayoziba njia ya maji kupita, kwa sababu inatawanya chembe za mfinyanzi zilizokuwa zimeshikamana. Halafu tazama ulichotaka kupanda. Maharage, karoti na vitunguu ni miongoni mwa mazao yasiyovumilia chumvi kabisa, na ukoka ni miongoni mwa majani yanayoivumilia sana.

Niliwahi kuitwa kwenye bustani iliyomwagiwa chumvi misimu miwili mfululizo. Juu palikuwa na ganda la kijivu lililopasukapasuka, kingo zake zimejikunja kama chapati iliyosahauliwa juani. Nilimwaga kikombe kimoja cha maji. Yakatuama, tukaongea, tukamaliza maongezi, bado yametuama. Pembeni ukoka ulikuwa unatambaa juu ya ganda lile, kijani kibichi, umeshika kila ufa. Mwenye bustani akaniuliza kama aongeze kipimo.

Kinachonichosha zaidi ya chumvi yenyewe ni imani iliyo nyuma yake, kwamba gugu ni jani. Ukilifyeka, ukaliunguza, ukalikausha, umelimaliza. Chukua ndago moja, usiivute. Chimbua kwa kijiti na vidole, polepole, kama unayetafuta hereni iliyoanguka. Chini ya kitako utakuta uzi mwembamba mgumu, na mwisho wa uzi kijiazi cheusi kidogo chenye ukubwa wa punje ya haragwe, kisha uzi mwingine, kijiazi kingine, mnyororo mzima. Kikate kwa ukucha: ndani ni cheupe, kina harufu kali kidogo. Hiyo ndiyo ndago. Jani ulilokuwa unapambana nalo ni dirisha lake tu. Na mnyororo ukiwa mzima, machipukizi ya mbele huvizuia vijiazi vingi vya nyuma visiamke. Ukiukatakata, kila kimoja kinajiona huru. Ndiyo maana mtu anayeingiza trekta au rotaveta kwenye kiwanja cha ndago akidhani anasafisha, anakuwa amepanda, tena kwa mstari. Ukoka na sangari nao hivyo hivyo: kila pingili iliyokatwa na ikabaki kwenye unyevu ni mche.

Moto? Moto unapendeza macho. Joto lake kwa kawaida halishuki zaidi ya sentimita chache kwenye udongo, na vijiazi vingi vya ndago vimelala ndani ya sentimita 15 za juu, vimetulia. Unachopoteza ni naitrojeni inayopaa na moshi, na yale majani yaliyooza nusu ambayo yangekuwa mboji yako. Miiba chache iliyobeba magonjwa unaweza kuichoma kando. Kiwanja kizima usiguse.

Kisha kuna mbegu. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia huko Michigan, Marekani, chupa 20 zenye mbegu za magugu na mimea mingine ili zifukuliwe moja moja. Ilipofukuliwa chupa moja mwaka 2021, miaka 142 baadaye, mbegu za gugu liitwalo Verbascum zikaota. Kiwanja chako kimekaa miaka sita tu, lakini kila mwaka kimekuwa kikiweka akiba. Hakuna mtu anayeimaliza akiba hiyo kwa ndoo moja, na anayekuuzia ahadi hiyo hajawahi kupalilia.

Sasa kiwanja chako. Usikifungue chote. Chukua robo, iliyo karibu na maji, ndiyo utakayolima msimu huu. Sehemu iliyobaki fyeka mpaka chini, acha majani palepale, lowesha, funika kwa turubai jeusi zito lililobanwa kingo zote, na uliache. Kwa magugu ya msimu mmoja wiki 6 za joto zinaweza kutosha. Kwa ukoka hesabu msimu mzima au zaidi. Nailoni nyembamba usihangaike nayo, ncha ya ndago inaitoboa kama sindano. Katoni za maboksi zilizopandishiana sentimita 15 hivi, zimetolewa gundi ya plastiki, zimeloweshwa na kufunikwa matandazo mazito, zinafanya kazi nzuri, ila pale ndago inapochungulia ung'oe usisubiri.

Kwenye ile robo, tumia jembe la uma badala ya jembe la kawaida. Jembe linakata, uma unainua. Inua bonge, litikise, okota minyororo na nyuzi zote, zianike juu ya bati au sakafu mpaka zikauke kabisa na kuvunjika mkononi. Usizitupe kwenye mboji zikiwa mbichi, utakuwa unazilisha. Utaziacha nyingi; kila mtu huziacha. Zilizobaki zitachipua, na hapa ndipo watu wanapochoka na kukimbilia ndoo ya chumvi. Chipukizi jipya la ndago linaishi kwa chakula kilichomo kwenye kijiazi, na huanza kufunga vijiazi vipya wiki 3 hadi 6 tangu litokeze. Ukipita kila wiki 2 ukaling'oa, linatumia akiba bila kuweka nyingine. Ukipita kila baada ya miezi 2, unavuna majani na kuwaachia watoto chini. Tofauti yote iko kwenye kalenda.

Mbegu nazo zitegee mtego. Sawazisha tuta kana kwamba unapanda kesho, limwagilie, kisha usipande kitu. Baada ya siku 10 hadi 14 litakuwa kijani. Pitisha jembe dogo juujuu, sentimita 2 au 3 tu, siku ya jua kali. Usichimbue, kwa sababu mbegu nyingi za magugu husubiri kuonja mwanga, na kila unapogeuza udongo unazipandisha nyingine kwenye mwanga huo. Rudia mara moja, ndipo upande.

Na karoti na vitunguu si vya msimu huu. Najua haikufurahishi. Vina majani membamba yasiyotia kivuli, na vikiwa vichanga havistahimili mtu anayetifua pembeni yao kila wiki 2. Ndago inachukia kivuli. Anza na maboga au viazi vitamu, vitandaze majani vifunike ardhi, maharage uyapande kwa kubananisha kidogo. Karoti zije pale utakapopita wiki 2 ukarudi na kiganja cha magugu badala ya kikapu.

Miti niijibu kwa haraka, maana haina shida kubwa. Mpichi unapogolewa sasa, baridi inapoisha, kabla vichomozo havijavimba. Lakini unazaa kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo ukinyoa yote mapya umejinyima matunda. Mchungwa subiri ukishavuna. Kwa miti iliyosongwa miaka sita usitoe zaidi ya robo ya matawi kwa mwaka mmoja. Mchungwa ukifunguliwa ghafla gome linaungua kwa jua, upake shina chokaa ya maji. Vidonda vya matawi usivipake rangi, lami wala oili chafu: Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani alipasua maelfu ya miti kuona ndani, na akaonyesha kwamba mti hauponyi kidonda kwa kupakwa, unakizungushia ukuta wake wenyewe. Kata nje kidogo ya lile pete lililovimba kwenye kiungo, usiliguse pete, basi.

Nije kwenye chupa ya soda, kwani ndiyo iliyonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine.

Sikatazi dawa za magugu zote. Glaifoseti, kwa mfano, inasafiri kutoka jani hadi chini, na kwa ukoka uliokomaa inaweza kusaidia. Lakini inasafiri tu kama jani ni bichi, linakua na halina vumbi. Wanaofyeka asubuhi na kupulizia jioni wamemwaga hela, maana njia ya dawa wameikata wenyewe. Na tangu mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kwa hiyo anayekuambia ni salama kama maji ya kunywa, mwache anywe yeye. Hata hivyo, ina lebo, ina kipimo, ina siku za kusubiri.

Chupa yako haina. Kijani kinaweza kuwa chochote, ikiwemo parakwati, dawa ya magugu yenye sumu kali, ambayo wenye viwanda huitia rangi, harufu mbaya na kitapishi kwa sababu watu walikuwa wakiinywa kwa makosa. Haina kiuasumu. Funda moja linatosha kumuua mtu mzima, na wengi hufa baada ya siku kadhaa wakiwa na akili timamu, mapafu yakijifunga. Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2007 na nchi nyingine nyingi zimefuata. Chupa ya soda ni chupa ya soda machoni pa mtoto, na gizani hata machoni pako. Kila anayehamisha dawa kutoka kwenye chombo chake, akamgawia jirani kwa nia njema, amemgawia mtego usio na maandishi. Kama huna lebo huna dawa, una kitu usichokijua ndani ya nyumba yako.

Samadi nayo ulizia ilikotoka. Kuna viuagugu vya malishoni vinavyopita tumboni mwa ng'ombe bila kuharibika na kuendelea kuua maharage ukishaitandaza. Kabla ya kununua, jaza makopo machache kwa samadi na udongo, panda haragwe, subiri wiki 3. Majani yakijikunja kama kikombe, irudishe.

Chupa usiifungue ili kuinusa ujue ni nini. Usiimwage chooni, mtaroni wala kwenye ndago. Iandike SUMU kwa herufi kubwa, iweke juu kabisa, ifungie, kisha mwite afisa kilimo aichukue. Na jirani muulize amewapa wengine wangapi.